Gita ya tenori yenye ufa: unyevu kwanza, gundi baadaye

SWALI: Mafundi, salamu. Nimenunua gita kuukuu katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ndogo, yenye funguo nne tu za kukazia nyuzi. Uso wake una ufa kutoka darajani hadi ukingoni, vanishi imeliwa pale mkono unapopita, na nyuzi ziko juu sana. Seremala wa mtaani anataka kuziba ufa kwa gundi nyeupe, apige msasa na kupaka vanishi mpya. Nimruhusu? Na nyuzi nne nitazitoa wapi?
Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, mzuie seremala kwanza. Hiyo ni gita ya tenori. Ilienea Marekani miaka ya 1920 ili wapigaji wa banjo ya tenori wahamie kwenye gita bila kujifunza vidole upya. Martin ilianza kuitengeneza 1927. Ndiyo maana hupangwa kama banjo ile: do, sol, re, la, kuanzia uzi mnene.

Vanishi iliyoliwa iache. Uso wa gita ni mbao ya milimita 3 hivi. Msasa unaila, na vanishi nzito inauzuia kutetemeka. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, basi.

Kazi iko kwenye ufa, na leo usiutie gundi. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi hukauka, mbao husinyaa kwa upana na ufa hupanuka. Ukiujaza sasa, mvua zikirudi mbao itavimba, ikose pa kwenda, ipasuke pembeni. Legeza nyuzi. Toboa kisanduku cha sabuni matundu, tia sponji iliyolowa na kukamuliwa hadi isidondoke, kiweke ndani ya gita, kisha funga gita nzima kwenye mfuko wa plastiki. Lowesha tena kila siku ya pili. Baada ya wiki mbili hivi pitisha ukucha: mara nyingi hautakwama tena.

Hapo ndipo utumie gundi ya ngozi, ile inayotokana na ngozi za wanyama, iliyolowekwa na kuyeyushwa juu ya maji ya digrii 60, isichemke. Ipake juu ya ufa huku mkono mwingine ukisukuma uso kwa ndani, juu chini, ili ufa uinywe. Kwa ndani bandika vipande vya mbao laini, milimita 12 kwa 12, unene 1.5, kila sentimita 5, mishipa yake ikikatiza ufa. Gundi nyeupe hunyooka polepole ikivutwa, na gundi nyingine haishiki juu yake. Ya ngozi hufunguka kwa joto na unyevu, fundi wa kesho akihitaji.

Kuhusu nyuzi kuwa juu, laza rula ndefu ya chuma juu ya vichuma vya shingo, vile unavyobania nyuzi, isogeze hadi darajani. Ikifika juu ya mbao ya daraja, shingo ni nzima: punguza kimfupa cha daraja, kile kinachobeba nyuzi, milimita 2 ili ushushe 1 kwenye kichuma cha 12. Pale lenga milimita 2 kwa uzi mwembamba, 2.5 kwa mnene. Rula ikigonga daraja kwa mbele, shingo imeinama. Hiyo mpe fundi wa magita, wala usikwangue daraja kuifuata.

Nyuzi: nunua pakiti ya sita za chuma, 10–47 (unene kwa elfu za inchi), uchukue 10 kwa la, 14 kwa re, 23 kwa sol, 30 kwa do. Pamoja zinavuta karibu kilo 40, na shingo nyingi za zamani hazina fimbo ya chuma ndani. La ikikatika usikimbilie uzi mnene. Kwa urefu wa uzi wa tenori, sentimita 58 hivi, nao utafika mwisho wake kwenye noti ileile. Kagua ncha kali kwenye tundu la ufunguo.

SWALI: Nitapigaje Kikatanga, mtindo wa gita wa Katanga, kwenye tenori, kwa dole gumba na kidole cha shahada?
Msomaji, Katuba

JIBU: Panga re, sol, si, mi, kama nyuzi nne nyembamba za gita ya kawaida; tumia 32, 24, 16 na 12. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gita wa Katanga aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki wa Afrika Hugh Tracey huko Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, alikuwa na besi mbili ambazo wewe huna, kwa hiyo epuka tonaliti ya do: besi yake itakupandisha hadi kichuma cha 5 cha uzi wa sol. Anza na sol. Dole gumba linapishana kati ya sol na re, nyuzi zote mbili zikiwa wazi.