Kanuni isomwe pale vibarua wanapoandikishwa

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama mwongozo wa maadili wanaopewa wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa unasaidia chochote. Nimekuwa mkalimani katika kambi za wakimbizi mkoani Kigoma kwa miaka mingi. Jibu langu: unasaidia pale tu anayeombwa rushwa anapoujua sawasawa na anayeiomba.

Maandishi yenyewe siyalaumu. Tangu 1945, kifungu cha 100 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinamkataza mtumishi kupokea maagizo ya serikali yoyote, hata ya kwao. Waraka wa Katibu Mkuu wa Oktoba 2003, uliotolewa baada ya kashfa za kambi za wakimbizi Afrika Magharibi, ni mkali zaidi. Ngono na aliye chini ya miaka 18 ni marufuku, sheria ya nchi iseme lisemalo, na kudai ulidhani ni mtu mzima si utetezi. Kutoa pesa, ajira au msaada ili upate ngono ni marufuku. Anayemshuku mwenzake, hata wa shirika jingine, analazimika kutoa taarifa.

Yote hayo yalikuwa yameshaandikwa Ebola ilipoingia Beni, mashariki mwa Kongo (DRC), mwaka 2018. Septemba 2021 tume huru iliyochunguza unyanyasaji wa kingono wakati wa kupambana na Ebola hiyo ikatoa ripoti yake: watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake waliahidiwa kazi, au waliambiwa watoe miili yao wasije wakaipoteza waliyo nayo. Inaniuma sana, kwa sababu wale ni watu ambao ungeweza kuwasomea waraka ule kwa Kiswahili wakauelewa wote.

Mafunzo ya maadili mara nyingi hufanyika kwenye kompyuta, kwa Kiingereza au Kifaransa, na mwishoni unapata cheti. Mpishi na mfagiaji wa mkataba wa mwezi mmoja hawana hata barua pepe ya ofisi. Na mwenye nguvu juu yao si mkurugenzi aliyeko Geneva. Ni yule kijana mwenye kalamu anayeandika majina ya vibarua asubuhi.

Katika kikao kimoja nilichotafsiri, mama mmoja aliuliza: nikimshtaki, jina langu litabaki kwenye orodha ya mgao? Hakuna swali la maadili zito kuliko hilo. Ofisi ya Maadili ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kazi 2006, ina utaratibu wa kumkinga mtumishi aliyeripoti asilipiziwe kisasi. Lakini kibarua halipiziwi kwa barua ya kufukuzwa. Mkataba wake unaisha tu, hauongezwi, na nani atathibitisha?

Kwa hiyo ninasema hivi. Kabla ya kuandikisha vibarua, kanuni isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na Kirundi. Mezani wakae watu wawili, mmoja wao mwanamke, na waombaji wakizidi nafasi, majina yachaguliwe kwa bahati nasibu mbele ya wote. Simu ya malalamiko ipokelewe na wachunguzi wasio chini ya mkuu wa kituo. Na aliyelalamika arudishiwe jibu, hata kama uchunguzi haukupata ushahidi. Wengi ninaowajua wananyamaza kwa sababu jirani yao alisema, malalamiko yake yakaandikwa, na hadi leo hajaambiwa kesi iliishia wapi.