Migunga ya ngitili: ikatwe au ibaki?

SWALI: Shikamoo Mama. Baba alituachia ngitili (malisho ya akiba ya kiangazi) ya eka 12 hapa Kishapu, Shinyanga. Kaka yangu anataka tukate migunga yote. Anasema kivuli kinaua majani ya ng'ombe, na mkaa utalipa ada za watoto. Mimi moyo unasita. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie kaka asubiri kwanza. Nimechunga kwenye ngitili ya baba yangu kule Maswa tangu sijajua kusoma. Ikifika Septemba, uwandani majani yalikuwa yakivunjika miguuni kama vijiti, lakini chini ya kila mgunga palibaki duara ambalo ukiyapekua majani yake, shina bado ni la kijani. Ndama walilijua duara lile kabla yetu.

Mwavuli wa mgunga hupunguza jua linaloupiga udongo, na upepo hupita umevunjwa nguvu, kwa hiyo unyevu hukawia kuondoka. Usiku mti huzuia joto la ardhi lisipotelee angani, ndiyo maana asubuhi za Juni na Julai chini yake hapana baridi kali kama uwandani. Jaribuni wenyewe: jazeni maji makopo mawili sawasawa, moja liwe chini ya mgunga, jingine juani, mzungushie miiba mifugo isinywe. Siku ya tatu mwite kaka aangalie.

Hoja yake ina ukweli mahali pamoja. Miti ikifungamana, mwanga haufiki chini na mizizi ya miti hushindana na majani kugombea maji. Hapo punguzeni, mkate na matawi ya chini, kuni mtapata. Ila msibakize mti mmoja katikati ya uwanda! Mchana ng'ombe wote watabanana chini yake, kwato zikandamize udongo mpaka mvua isipenye. Iacheni mingi, iliyotawanyika, wagawane kivuli.

Sisi wa Shinyanga njia ya kaka yako tumeshaipita. Wakati wa mkoloni misitu ilifyekwa ili kuua mbung'o, yakaja mashamba ya pamba, tukabaki na vumbi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ngitili nyingi zilirudi kwa kuachwa tu zipumzike, visiki vikachipua vyenyewe. Inaniuma kusikia shoka linarudi palepale.

Kabla ya kukata hata tawi, ulizeni sheria ndogo za kijiji. Na mgunga unaozaa maganda mengi msiuguse: yakianguka kiangazi, ndiyo chakula cha mbuzi wenu.