Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inayochelewa Kuzimika

SWALI: Ndugu Mhariri, kompyuta yangu ya mezani inatumia Windows 10. Zamani ilikuwa ikizimika mara moja, lakini kwa miezi miwili sasa, kila nikiiamuru izime, hukaa dakika tatu au nne ikizungusha viduara tu. Nimeambiwa kuna namba katika registri ambayo nikiipunguza, kompyuta itaacha kusubiri. Je, niipunguze? Na nikiizima kwa kubonyeza swichi, ninaiharibu?

JIBU: Ndugu msomaji, namba uliyoambiwa, iliyomo katika registri, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, huitwa WaitToKillServiceTimeout, nayo huonyesha, kwa milisekunde, muda ambao Windows huzivumilia huduma zinazofanya kazi chinichini kabla ya kuzikatisha kwa nguvu. Katika Windows XP ilikuwa 20,000. Katika Windows 10 ni 5,000, yaani sekunde tano. Wewe unapoteza dakika nne, kwa hiyo hata ukiishusha hadi 2,000 utaokoa sekunde tatu, na papo hapo utakuwa umezinyima huduma hizo nafasi ya kuhifadhi zilichokuwa zikiandika. Itazame tu: ukiikuta kubwa kuliko 5,000, huenda kuna programu iliyoibadili, na hapo unaweza kuirudisha ilivyokuwa.

Linalofaa ni kumtafuta anayechelewesha, na kwa bahati nzuri Windows yenyewe huweka kumbukumbu. Fungua Event Viewer kwa kuandika eventvwr katika kisanduku cha kutafutia, kisha uingie katika Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, na mwisho Operational. Tukio lenye namba 200 hueleza kuzimika kulichukua milisekunde ngapi, na yale yanayolifuata, kama 203, hutaja kwa jina kilichochelewesha. Usihukumu kwa siku moja, kwa maana programu yoyote inaweza kukwama mara moja. Jina likijirudia siku tatu au nne mfululizo, hapo ndipo pa kuanzia. Mara nyingi huwa ni programu ya kuzuia virusi, programu ya kunakili faili kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, au kiendeshi cha printa ambayo haijaunganishwa tena. Kuisasisha au kuiondoa na kuiweka upya kwa kawaida hutosha.

Usipoona jina lolote, linganisha kuzima na kuwasha upya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta inapozimwa kwa njia ya kawaida huandika kwenye diski hali ya kiini cha mfumo ili kesho yake iwake haraka, lakini inapowashwa upya haifanyi hivyo. Ikiwa kuwasha upya hakusumbui na kuzima pekee ndiko kunakochelewa, zima huku umeshikilia kitufe cha Shift. Njia hiyo huruka uandishi huo. Tofauti ikionekana wazi, ondoa mpangilio wa kuwaka haraka katika sehemu ya umeme (Power Options) ya Windows.

Lipo jambo jingine ambalo watu hulisahau, ingawa kwa dalili ulizoeleza mimi ningelikagua mapema. Baadhi ya miongozo ya usalama hushauri kuwasha namba nyingine ya registri, ClearPageFileAtShutdown, ambayo huifuta kwa sifuri faili ya kumbukumbu ya ziada kila kompyuta inapozimwa. Faili hiyo ikiwa na gigabaiti 8, na diski yako ni ya kuzunguka inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde, kazi hiyo peke yake hula sekunde 80 hivi. Thamani yake ya kawaida ni 0. Ukiikuta 1 wala hukuihitaji, irudishe.

Kuhusu swichi, ndiyo, kuna hatari. NTFS, yaani mfumo ambao Windows huutumia kupanga faili kwenye diski, ina daftari lake la ndani linalolinda mpangilio wa faili umeme unapokatika, lakini daftari hilo halilindi maandishi yaliyokuwa bado hayajafika kwenye diski. Hatari ni kubwa zaidi skrini inapokuambia kuwa masasisho yanawekwa. Wakati huo subiri, hata ikiwa ni nusu saa, kwani huduma ya masasisho inaruhusiwa kuomba muda mrefu kuliko zile sekunde tano. Taa ya diski ikiwa inamemeteka, kazi bado inaendelea.

Endapo majina katika kumbukumbu yanabadilika kila siku, na hata kufungua faili mchana kumekuwa kuzito, ishuku diski yenyewe. Nakili kwanza faili zako mahali pengine, ndipo uendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, kwa sababu ukaguzi huo huisomesha diski kutoka mwanzo hadi mwisho, na diski iliyokwisha kuchoka inaweza kufa katikati ya ukaguzi.