Maswali na Majibu: Laini ya Simu kwa Anayehamia Nje

Maswali ya wiki hii yametoka zaidi kwa wanaojiandaa kwenda masomoni na kazini. Ombi langu ni lilelile la siku zote: taja nchi unayokwenda, utakaa muda gani na una simu gani. Bila hayo matatu hakuna wa kukushauri.

Nakwenda Manchester kusoma shahada ya uzamili, mwaka mmoja. Kaka yangu anayeishi huko anasema atanichukulia iPhone ya mkataba kwa jina lake, pauni 45 kwa mwezi kwa miezi 24. Nikubali? – Mwanafunzi, Sinza

Usikubali. Pauni 45 mara 24 ni pauni 1,080, na wewe masomo yako ni ya mwaka mmoja. Mwaka wa pili utakuwa unalipia laini ya Uingereza ukiwa Sinza, au kaka yako atakulipia kwa kinyongo. Malipo yakikwama, doa linaingia kwenye rekodi yake ya mikopo, na siku akiomba mkopo wa nyumba litamsubiri palepale. Jiulize pia kwa nini itumike jina lake. Mgeni hana rekodi ya mikopo Uingereza, kwa hiyo kampuni nyingi humkatalia mkataba wa simu au humdai amana. Mlango uliofungwa kwako usiupite kwa mgongo wa ndugu.

Nimeshalisema hili na nitaendelea kulisema: simu nunua kivyake, laini nunua kivyake. "Simu ya bure" haipo, bei yake imefichwa ndani ya malipo ya kila mwezi. Nenda na simu uliyonayo, ukifika tafuta ofa iliyoandikwa SIM only, yaani laini tupu bila simu, ya mwezi kwa mwezi, isiyo na mkataba. Kampuni zenye minara ni EE, O2, Vodafone na Three, na hizo mbili za mwisho ziliungana mwaka 2025. Nyingine hukodi minara ya hao wakubwa na kuuza kwa bei ya chini: giffgaff iko juu ya O2, VOXI na Lebara ziko juu ya Vodafone, SMARTY iko juu ya Three. Mnara ni uleule. Kwa pauni 10 kwa mwezi au pungufu mwanafunzi anapata bando la kumtosha.

Kabla ya kulipa, chukua postikodi ya chumba utakachoishi, uiingize kwenye ramani ya mitandao ya Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huko, uone nani anashika vizuri ndani ya nyumba. Ukikosea si msiba. Tuma neno PAC kwenda 65075, utaletewa namba ya kuhamia inayodumu siku 30, uipe kampuni mpya, nawe utahama na namba yako bila kulipia kuhama. Raha hiyo ni ya asiye na mkataba. Mwenye mkataba akitaka kutoka katikati hudaiwa miezi iliyobaki.

Bando la mwezi na bando la siku 28 si kitu kimoja? – Msomaji, Tabata

Si kitu kimoja. Siku 28 zinaingia mara 13 kwenye mwaka. Bando la pauni 10 kwa siku 28 ni pauni 130 kwa mwaka, la mwezi kamili ni pauni 120. Ujerumani na India nako utakutana na mchezo huohuo.

Bando gani ni rahisi Ulaya? – Msomaji, Kinondoni

Ulaya si nchi. Swali hili huja kila mara na kila mara halina jibu.

Kwa faida ya wengine: ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu Juni 15, 2017, laini ya nchi moja hutumika nchi nyingine za Umoja kwa bei ya nyumbani. Uingereza haimo. Lakini kanuni hiyo ni ya msafiri, si ya mkazi. Ukinunua laini ya bei rahisi Poland kisha ukahamia Berlin moja kwa moja, kampuni ina haki ya kuangalia matumizi yako ya miezi minne, na ikiona unaishi nje zaidi ya nyumbani itakuandikia, kisha ianze kukutoza ziada. Nunua laini ya nchi unayolala. Na Ujerumani usitegemee kununua laini barabarani ukaiwasha hapohapo: tangu Julai 2017 hata laini ya vocha haiwashwi mpaka utambulisho wako uhakikiwe, mara nyingi kwa kuonyesha pasipoti yako mbele ya kamera ya simu. Laini za madukani kama Aldi Talk na Lidl Connect zinatosha kabisa kwa anayeanza.

Dakika "unlimited" za huko ninaweza kupigia Tanzania? – Fundi, Mbagala

Hapana. Ni za ndani ya nchi ile. Kupiga +255 kwa dakika za kawaida kutakumaliza, tumia WhatsApp.

Nahamia Marekani, nina Tecno mpya kabisa ya laini mbili. Itashika? – Msomaji, Ubungo

Huenda ikashika intaneti na ikakataa kupiga. Watu hushangaa, lakini sababu ipo wazi. Kampuni za Marekani zilizima 3G mwaka 2022, kwa hiyo simu ya kawaida sasa hupita kwenye 4G kwa mfumo wa VoLTE. Simu isiyo na VoLTE inayokubalika na kampuni hiyo haipigi, hata ionyeshe vijiti vyote vya mtandao. AT&T ina orodha yake ya simu inazozikubali, na simu nyingi zinazouzwa Kariakoo hazimo. Halafu kuna masafa. T-Mobile hutegemea bendi 71 na 12 kufika mbali na kupenya kuta, Verizon hutegemea bendi 13, na simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Afrika hazina bendi hizo.

Kipimo ni hiki: piga *#06#, nakili IMEI (namba ya utambulisho ya simu yako), uiingize kwenye ukurasa wa kampuni unayoitaka, kule wanakokagua simu za wateja wanaokuja na simu zao. Fanya hivyo ukiwa bado Ubungo. Ikikataliwa, iache kwa ndugu na ununue huko simu isiyofungwa mtandao. Kuhusu bando, epuka mpango wa kulipa mwisho wa mwezi mpaka uwe na namba ya hifadhi ya jamii na historia ya mikopo. Anza na laini za kulipia kabla, kama Tello au Mint Mobile, zote juu ya minara ya T-Mobile. Mint hukudai miezi mitatu kwa mkupuo, na kodi huongezwa juu ya bei iliyotangazwa, kwa hiyo usiende na hela kamili.

Na ukinunua huku iPhone 14 au mpya zaidi iliyotoka Marekani, kumbuka haina tundu la laini. Ni eSIM tu, yaani laini isiyo na kadi, inayopakuliwa ndani ya simu.

Laini yangu ya hapa nimwachie mdogo wangu aitumie? – Nesi, Kigamboni

Dada yangu, hapana, na hili linanikera kuliko yote. Laini hiyo imesajiliwa kwa NIDA yako na alama za vidole vyako. Mdogo wako akiitumia kutapeli, au akiipoteza ikaokotwa na tapeli, anayetafutwa ni wewe. Na kwenye laini hiyo ndiko zinakoingia namba za uthibitisho za benki, M-Pesa na WhatsApp yako. Ondoka nayo.

Ukiwa bado Dar, weka programu ya benki yako na ya pesa za simu, uzifungue laini ikiwa ndani ya simu. Weka namba ya siri ya hatua mbili kwenye WhatsApp. Omba kampuni yako iwashe romingi, kisha zima data ya romingi upande wa laini ya Tanzania. Kwenye iPhone zima pia ruhusa ya data kuhama yenyewe kati ya laini mbili, la sivyo laini ya ugenini ikidhoofika simu itakula salio lako la hapa kimyakimya. Kupokea meseji kwenye romingi kwa kawaida hakukatwi hela, na hicho ndicho unachokihitaji.

Kila mwezi tuma meseji moja kwa laini hiyo. Laini isiyotumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, naye ataanza kupokea namba zako za benki. Salio likiisha, ndugu yako hapa akununulie vocha ya shilingi 1,000 kwa namba yako. Usiipoteze kabisa, maana kuirudisha kunadai vidole vyako mwenyewe mbele ya wakala.

Dubai WhatsApp haipigi kweli? – Msomaji, Temeke

Kweli. Meseji na sauti za kurekodi zinapita, simu za sauti na video zimezuiwa. Tumia programu ya BOTIM, na ndugu zako hapa nao waiweke. Anayekushauri VPN, programu ya kuficha uko wapi mtandaoni, akuonyeshe kwanza hela ya faini: ukikamatwa unaitumia kutenda kosa, inaanzia dirhamu 500,000.

eSIM za safari kama Airalo zinafaa kwa kuhamia? – Msomaji, Mbezi Beach

Zinafaa kwa siku tatu nne za mwanzo, uweze kuita teksi na kusoma ramani. Nyingi hazina namba ya kupigiwa, na GB moja ni ghali kuliko ya laini ya huko. Piga *#06#: ukiona mstari wa EID, simu yako inakubali eSIM.

Mwanangu anakwenda kusoma Uturuki, nimnunulie simu nzuri hapa? – Mama, Magomeni

Mama, usimnunulie ya ghali. Simu iliyotoka nje ikiwekwa laini ya Uturuki hufanya kazi siku 120, kisha IMEI hufungwa mpaka ilipiwe kodi ya usajili, na kodi hiyo inapita bei ya simu nyingi za kawaida. Aende na ya bei nafuu, hela iliyobaki mpe anunue simu kulekule, na risiti aitunze.