Mke wangu hataki nivunje chumba cha kufulia

*Shikamoo Shangazi. Naishi Kimara, Dar es Salaam, na mke wangu na watoto wanne. Tunakarabati nyumba. Nyuma ya jiko kuna chumba kidogo cha kufulia ambacho hakina kazi yoyote. Nataka kukivunja ili jiko na sebule viwe kitu kimoja kama nyumba za kisasa, na runinga mpya ipate nafasi. Fundi nimeshampa malipo ya awali. Mke wangu amegoma, salamu yangu anaijibu kwa mkato, na najua mama yake ndiye anayemtia maneno. Nifanyeje aelewe kuwa kichwa cha nyumba ni mimi? – Baba Wanne*

Marahaba mwanangu. Pole kwa vumbi la ukarabati. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeifupisha, ila niliisoma yote. Umeandika kwa mkono wako kwamba humo ndani mna mashine ya kufulia ambayo mkeo aliinunua kwa pesa za kikoba, friza, madumu ya akiba maji yakikatika, meza ya pasi na kapu la nguo "lisiloisha". Watoto wawili bado wanakojoa kitandani. Hicho ndicho chumba kisicho na kazi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sabuni ya ile mashine inawekwa upande gani, baba?

Unasema nguo zitaanikwa uani. Masika yakianza Machi hayakuachi mpaka Mei, na Oktoba vuli inapiga hodi. Sare za shule zitaning'inia wapi, juu ya kochi? Runinga umeitaja mara tano, jina la mtoto hata mmoja sikuliona.

Mama mkwe mwache apumzike. Mwanamke anayefulia watu sita hahitaji kutiwa maneno na mtu. Mimi nashuku mkeo alijua habari hii siku alipomkuta fundi na futikamba ndani ya chumba chake. Ulilipa kwanza, ukamwambia baadaye, halafu unaniuliza kwa nini salamu ni fupi! Ningekuwa yeye, hata hiyo fupi usingeipata.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Watu wanajenga kwa ajili ya wageni. Sebule kubwa kama ukumbi wa harusi, mwenye nyumba amechuchumaa chooni anafua. Mwanamume anaona picha kwenye simu, jiko halina ukuta, maua mezani, basi anataka na lake liwe hivyo. Picha haina harufu. Kaanga dagaa kwenye jiko la wazi Jumatatu, uone kochi litanuka mpaka siku gani. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nanyi wanawake mnaocheka hapo, wapo wenzenu waliovunja stoo wenyewe ili wapate kaunta ya kupigia picha, leo gunia la mchele liko chini ya kitanda.

Turudi kwako. Ukuta ule umemuuliza fundi kama umebeba paa? Bomba la maji machafu linapita wapi kwenda kwenye chemba? Kulihamisha ni kupasua vigae na kulipa mara ya pili. Hesabu hiyo sikuiona kwenye barua.

Chumba kibaki. Hayo malipo ya awali yatengeneze dirisha pana lenye wavu, maana chumba cha kufulia kisichopata hewa huota ukungu. Sakafu iteremkie kwenye tundu la kutolea maji, soketi zipandishwe juu mbali na maji, rafu zifike darini. Na kama mtungi wa gesi umesukumiwa humo, utoe uwekwe nje penye hewa: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini na kusubiri cheche. Sebule ukiiona finyu, sogeza ukuta upande wa baraza, unakokaa wewe na rafiki zako kubishana mpira.

Ila usimpigie fundi bado. Mpe mkeo karatasi na kalamu, akichore chumba anavyokitaka, nawe unyamaze mpaka amalize. Jumamosi hii fua wewe. Nguo za watu sita, na mashuka ya wale wawili uanze nayo asubuhi, kabla hayajaanza kunuka.