Maswali ya Wasomaji: Nyimbo za Miyuki Nakajima

SWALI: Salaam mhariri. Nimesikia wimbo wa mwanamke wa Kijapani mwenye sauti nzito inayoingia moyoni, nikaambiwa ni Miyuki Nakajima. Nimemtafuta nikakuta ana albamu chungu nzima. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na "Jidai", maana ndio uliomfungulia milango. Nakajima alizaliwa Sapporo, katika kisiwa cha Hokkaido, mwaka 1952. "Jidai" ulimpa tuzo kuu mbili ndani ya miezi miwili, Oktoba na Novemba 1975: kwanza katika Popcon, shindano la watunzi lililoendeshwa na Yamaha, kisha katika tamasha la kimataifa la nyimbo mjini Tokyo. Jina la wimbo maana yake ni "zama". Anayeimbiwa ana huzuni iliyomkausha machozi, naye anaambiwa kwamba zama huzunguka, na ipo siku atayasimulia haya huku akicheka. Hakuna anapoambiwa ajikaze. Anaachiwa nafasi achoke kwanza, na hapo ndipo wimbo unapowashika watu.

Ukiutafuta, andika jina kwa herufi za Kijapani: 中島みゆき, kisha 時代. Kwa herufi zetu huenda ukaletewa mambo mengine. Upo pia uliorekodiwa upya mwaka 1993, na ni mzuri, ila usianze nao. Msikie kwanza binti wa miaka 23.

Baada ya hapo nenda kwenye "Wakareuta" (1977), kisha "Akujo" (1981). Huu wa pili unadanganya masikio: mdundo ni mwepesi, karibu wa kuchezeka, kumbe mwanamke anayesimulia anampigia simu rafiki yake Mariko usiku, akimwigizia kwamba yuko na mwanamume wakistarehe, ili mpenzi wake amwone mbaya na kumwacha kwa urahisi. Ukiukuta katika albamu ya "Kansuigyo" ya 1982 na gitaa zinanguruma, hujakosea wimbo. Upangaji wa ala ndio uliobadilishwa.

SWALI: "Chijō no Hoshi", yaani "Nyota za Ardhini", ulitoka mwaka 2000 lakini nasoma kwamba ulishika namba 1 mwaka 2003. Inawezekanaje? Na hizo nyota ni zipi?

JIBU: Ulitoka Julai 2000 ukiwa wimbo wa kufungulia kipindi cha Project X cha televisheni ya NHK, kilichosimulia wahandisi, mafundi na vibarua walioijenga Japani baada ya vita bila majina yao kuvuma. Wimbo wa kufungia kipindi, "Headlight Taillight", uko katika diski hiyohiyo. Uliuzwa kidogokidogo, wiki baada ya wiki, bila kutoweka. Kisha usiku wa tarehe 31 Desemba 2002 Nakajima, ambaye kwa miaka mingi alijiweka mbali na televisheni, aliuimba katika Kōhaku, onyesho kubwa la muziki la kufunga mwaka. Hakuwa ukumbini. Aliimba akiwa ndani ya handaki la kituo cha umeme cha Kurobe, mkoa wa Toyama, sehemu iliyogharimu jasho la watu walewale wanaoimbwa. Januari 2003, wiki ya 130 tangu uingie katika Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani, ukafika juu. Hapo akawa amepata namba 1 katika miongo 4, kuanzia ile ya 1970.

Nyota zenyewe zimetajwa moja moja, kila moja mahali pasipo pake: Pegasus yuko nyikani, Zuhura yuko kwenye kona ya mtaa, galaksi imo mchangani, na Subaru imo katika upepo. Wengi hudhani Subaru ni gari. Ni jina la kale la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi tunaliita kilimia. Mwimbaji anamwomba mbayuwayu, kwa kuwa anaona kutoka juu, amwambie nyota za ardhini ziko wapi sasa, maana watu wote wanatazama mbinguni tu.

SWALI: Najifunza kuimba "Chijō no Hoshi" kwa kusoma maneno yaliyoandikwa kwa herufi zetu. Irabu nazipata, lakini kila mara namaliza mstari kabla ya muziki. Nakosea wapi?

JIBU: Unahesabu silabi kwa Kiswahili. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na karibu kila silabi huishia kwa irabu, kwa hiyo umeanza vizuri. Lakini Kijapani huhesabu mapigo, na kuna sehemu tatu tunazoyameza.

Ya kwanza ni herufi n inayofunga silabi. Chukua neno "ginga", yaani galaksi. Kwetu "kinga" ni silabi mbili, ki-nga. "Ginga" ni mapigo matatu, gi-n-ga, na hiyo n inasimama peke yake. Mdomo wako unaujua mchezo huu: ndiyo n inayosimama mwanzoni mwa "nchi" na "nne". Isimamishe hivyohivyo katikati ya neno.

Ya pili ni irabu ndefu. Kistari juu ya o katika "Chijō" si pambo. Kinaongeza pigo zima: chi-jo-o-no-ho-shi, mapigo sita. Ukisema "chijo" umeshapoteza pigo moja, na ukifika mwisho wa mstari unalisubiri gitaa.

Ya tatu ni mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kujijua, tukasema ji-DA-i. Kijapani hakikazi kwa nguvu, hupandisha na kushusha sauti tu. Ukigonga silabi moja, jirani zake zinafupika na mdundo unayumba.

Fanya hivi. Andika mstari mmoja na uutenge kwa mapigo. Usome huku ukipiga kofi moja kwa kila pigo, makofi yakilingana, mara kumi bila kuimba. Kisha usome pamoja na rekodi. Ukimaliza sawa na mwimbaji mara tatu mfululizo, ndipo uuimbe. Wengi huruka makofi na kukimbilia sauti, halafu kosa linazoeleka na kulitoa ni kazi.

SWALI: Tunataka kuimba "Ito" kwenye harusi ya rafiki yetu. Je, unafaa kweli? Na unapigwa kwa ufunguo gani?

JIBU: Unafaa. Ulitungwa kwa ajili ya harusi, ukatoka mwaka 1992 ukiwa wa mwisho katika albamu ya "East Asia", kisha ukatolewa kama singo mwaka 1998. Kundi la Bank Band liliurudia mwaka 2004, na tangu hapo wengi wameuimba.

"Ito" ni uzi. Wewe ni uzi wa mtande, ule unaosimama, nami ni mshindio, ule unaopita kati. Lakini sikilizeni nguo inayofumwa ni ya nani. Katika ubeti wa kwanza huenda siku moja ikampa mtu joto, na katika wa pili huenda ikafunika jeraha la mtu. Maharusi hawafumi shuka la kujifunika wao. Mtakaposema neno kabla ya kuimba, semeni hilo.

Neno la mwisho lenye uzito ni "shiawase". Kwa kawaida huandikwa 幸せ, yaani furaha. Nakajima ameandika 仕合わせ: matamshi yaleyale, ila ndani yake mna kitenzi cha kulingana na kukutana. Anazungumzia bahati ya nyuzi mbili kukutana, jambo lisilo mikononi mwa nyuzi. Na msichanganye "ito" na "hito", yaani mtu. Yako karibu katika mstari huo, na h ikilegea maana inapotea.

Kuhusu ufunguo, usifuate wa rekodi. Sauti ya Nakajima ni ya chini kwa mwanamke. Tafuta noti ya juu kabisa ya kiitikio na uhakikishe unaifikia bila kukaza shingo. Ukitumia kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, kila freti ni nusu toni. Ukishika kodi za G, C na D huku kapo ikiwa freti ya 5, zitasikika C, F na G. Ikikupanda sana, irudishe freti ya 3 na utakuwa umeshuka nusu toni mbili bila kubadilisha vidole. Pumua kabla ya kiitikio, usisubiri katikati yake. Wimbo ni wa polepole, na pumzi huishia hapo.

SWALI: Mbona wimbo wa Kikantoni wa Faye Wong, mwimbaji wa Hong Kong, una tuni ileile ya wimbo wa Nakajima?

JIBU: Ni wake. "Rouge" alimwandikia mwimbaji Naoko Ken mwaka 1977, na Faye Wong akauimba kwa maneno mapya mwaka 1992. Asili inamhusu mwanamke anayegundua, kila akipaka rangi ya mdomo, kwamba amekuwa hodari wa kutabasamu kwa uongo. Ameandikia wengine wengi pia, kama bendi ya TOKIO iliyopata namba 1 kwa "Sorafune" mwaka 2006.

SWALI: "Fight!" ni wimbo wa kutia moyo au wa huzuni?

JIBU: Usiuhukumu kwa kiitikio. Ulitoka mwaka 1983 katika albamu ya "Yokan", ukafahamika zaidi mwaka 1994 ulipowekwa pamoja na "Sora to Kimi no Aida ni". Kila ubeti ni mtu mwingine anayesema. Msichana anaandika barua kwamba hapati kazi kwa kuwa aliishia shule ya kati. Mwingine alishuhudia mtoto akisukumwa kwenye ngazi za stesheni, akaogopa na kukimbia. Mwingine alitaka kuhamia Tokyo, wakamtisha kwamba ndugu zake hawatakalika kijijini. Katikati yao kuna samaki wadogo wanaopanda mto dhidi ya maji, magamba yakibanduka. Neno "Fight!", linalotamkwa fa-i-to, linakuja baada ya hayo yote. Kwa hiyo usilipige kelele mara ya kwanza. Liimbe kwa sauti ya kawaida, na nguvu uiache kwa kiitikio cha mwisho.