Mkojo mwingi, figo taabani: maswali yenu kuhusu homa ya mgunda

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama mkulima wa Mbarali. Mwezi Februari kijana wangu wa miaka 24 alikuwa akipandikiza mpunga kwenye majaruba ya kukodi, akapata homa kali, kichwa kikamuuma na vigimbi vikamuuma hata akawa anatembea kwa kushika ukuta. Macho yalikuwa mekundu lakini hayakuwa na tongotongo. Alipewa dawa ya malaria ingawa kipimo hakikuonyesha vimelea. Siku ya sita macho yakageuka manjano, na majirani wakasema ni nyongo, tukamnywesha mitishamba siku mbili. Hospitali tuliyompeleka baadaye walisema ni homa ya mgunda, nayo imeingia kwenye ini na figo. Nisichoelewa ni hiki: usiku kucha tulikuwa tunamwaga kopo la mkojo, sasa figo zimeshindwaje? Na ugonjwa mmoja unashikaje ini na figo kwa pamoja? Ameruhusiwa kurudi nyumbani, ila nina hofu atakuja kuwa mtu wa mashine maisha yake yote. — Mama mkulima, Mbarali

JIBU: Salama, mama, na pole sana kwa kuuguza. Nitaanza na hilo kopo la usiku, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi, wakiwemo baadhi yetu tunaovaa makoti meupe.

Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni moja, na kwa siku moja figo zote mbili huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Hakuna binadamu anayekojoa lita 180. Kila kichujio kimeungana na mrija mwembamba uliojikunja, ambao kazi yake ni kuokota karibu kila kitu chema kilichochujwa, yaani maji, chumvi, sukari na potasiamu, na kukirudisha kwenye damu, mpaka kinachobaki kiwe lita moja na nusu hivi ya mkojo. Ni kama mtu anayechambua mchele kwa namna ya ajabu: badala ya kuokota mawe, anaumwaga mchele wote kwenye ungo wa pili, kisha anarudisha punje nzuri na kuyaacha mawe palepale.

Bakteria wa leptospira, ndio wanaoleta homa ya mgunda, ambao wakitazamwa kwa hadubini wanafanana na uzi uliosokotwa wenye ncha iliyopinda kama ndoano, wana mapenzi na mrija huo. Huingia mwilini kupitia mchubuko, ngozi iliyolowa kwa saa nyingi, au utando wa macho, pua na mdomo, husafiri na damu kwa siku kadhaa, kisha hupenya kuta za mishipa midogo ya figo na kujikita katika sehemu ya kwanza ya mrija, ile inayorudisha karibu theluthi mbili ya chumvi na maji. Nyama ya figo huvimba, seli za mrija huharibika, na njia zinazorejesha sodiamu iliyomo kwenye chumvi hupungua. Sodiamu isiporudi, maji huifuata, na potasiamu husombwa pamoja nayo. Hivyo mgonjwa hukojoa kopo baada ya kopo huku urea na kreatinini, taka ambazo figo hupaswa kuzitoa, zikirundikana katika damu yake. Hata potasiamu, ambayo katika magonjwa mengine mengi yanayoangusha figo ghafla hupanda, katika homa ya mgunda mara nyingi hushuka au hubaki ya kawaida. Ule mkojo mliokuwa mkiumwaga, mama, ulikuwa maji ambayo mwili ulitaka kuyarudisha ukashindwa.

Baada ya hapo huja hatua mbaya zaidi. Mgonjwa aliyepoteza maji kwa homa, kutapika na kukojoa hushuka shinikizo la damu, figo hukosa damu ya kutosha, na mkojo uliokuwa mwingi hupungua au hukatika kabisa. Ndiyo maana dripu inayowekwa mapema, kwa kipimo na uangalizi, inaweza kuamua kama mtu atafika kwenye mashine ya kusafisha damu au hatafika. Kuhusu mitishamba sikulaumu, maana kila nyumba yenye mgonjwa hujaribu kilicho karibu. Lakini dawa isiyojulikana kilichomo hulazimika kupita kwenye mirija hiyohiyo iliyojeruhiwa. Hali ni hiyohiyo kwa vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ambavyo watu hununua dukani kwa ajili ya vigimbi, kwa kuwa hupunguza damu inayoingia kwenye figo wakati inapohitajika zaidi.

Sasa ini. Seli za ini zimepangwa kwa safu, na kati ya seli na seli hupita mifereji midogo mno inayopeleka nyongo kuelekea kwenye utumbo. Wewe umelima jaruba, kwa hiyo unajua kinachotokea panya wakitoboa kingo: maji yaliyopaswa kufuata mfereji huishia kwa jirani. Leptospira hulegeza vifungo vinavyoshikanisha seli hizo, nyongo huvuja na kuingia kwenye damu, na macho hugeuka manjano. Majirani waliotaja nyongo hawakuwa mbali na ukweli. Walikosea dawa tu.

Seli nyingi zenyewe hubaki hai, na jambo hilo huonekana maabara. Katika homa ya ini inayoletwa na virusi, seli hufa kwa wingi na vimeng'enya vya ini, ambavyo huvuja kwenye damu seli zikiharibika, vinaweza kupanda hadi maelfu. Katika homa ya mgunda bilirubini, yaani rangi ya manjano ya nyongo, inaweza kupanda mara 20 ya kawaida au zaidi, ilhali vimeng'enya vimepanda kwa kiasi tu. Daktari akiona umanjano mkali, vimeng'enya vya wastani, kreatinini iliyopanda na chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zilizopungua kwa mtu anayelalamikia vigimbi, anapaswa kuuliza mara moja: uliingia kwenye maji lini? Picha hii ya umanjano pamoja na figo ilielezwa na Adolf Weil wa Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1886, na bakteria wenyewe walitambuliwa na Inada na Ido huko Japani mwaka 1915. Kwetu Tanzania jina la mgunda lilienea mwaka 2022, baada ya Wizara ya Afya kutangaza mlipuko mkoani Lindi. Mgunda ni shamba katika lugha kadhaa za kusini mwa nchi, na kwa maoni yangu ni jina linalosaidia kuliko lile la kitaalamu, leptospirosis, kwa sababu limebeba ndani yake swali la kumuuliza mgonjwa.

Kuhusu hofu yako ya mashine: ini kwa kawaida hupona kabisa, ingawa rangi ya macho huchukua wiki kadhaa kuisha. Kinachoua katika ugonjwa huu kwa kawaida ni figo, kuvuja damu kwenye mapafu au moyo kuyumba, si umanjano wenyewe. Figo nazo, kwa wengi waliopona, hurudi kufanya kazi ndani ya wiki au miezi michache, hata kwa waliosafishwa damu, kwani seli za mrija zina uwezo wa kuota upya. Wachache hubaki na upungufu fulani, kwa hiyo usiridhike na kijana kurudi shambani akiwa na nguvu. Apimwe kreatinini, mkojo na shinikizo la damu baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya miezi mitatu.

SWALI: Nalima kinyungu, yaani bustani ya bondeni, huku Iringa, na panya wamejaa ghalani. Mbona wao wanabeba ugonjwa huu na hawafi kwa figo? Nikiwaua wote nitakuwa salama? — Mkulima wa kinyungu, Iringa

JIBU: Ndani ya figo ya panya, leptospira hukaa kwenye mirija ileile, wamejibandika kama utelezi juu ya jiwe la mtoni. Tofauti ni kwamba mwili wa panya umewazoea: hakuna uvimbe mkubwa, figo huendelea na kazi, na panya hukojoa bakteria kwa miezi mingi, pengine maisha yake yote.

Kuwaua hakutoshi, kwa sababu ng'ombe, nguruwe na mbwa nao huwabeba. Ng'ombe wako akitupa mimba, usishike kwa mikono mitupu, na mwite mtaalamu wa mifugo. Tena udongo wa kinyungu, ambao uzuri wake ni kubaki mbichi wakati wa kiangazi, ndio unaowafaa bakteria hawa, maana hufa upesi wakikaushwa na jua lakini katika unyevu huweza kuishi wiki hadi miezi. Vaa buti za mpira zisizotoboka, funika kila mchubuko kabla ya kushuka bondeni, na usinywe maji ya mfereji bila kuyachemsha. Dalili huweza kuanza kati ya siku 2 na 30 baada ya kuambukizwa. Ukipata homa katika kipindi hicho, mweleze daktari kwamba unalima kinyungu kabla hajakuuliza, kwa kuwa dawa kama doksisaiklini au penisilini hufanya kazi vizuri zaidi zikianza kabla macho hayajageuka rangi.